Kioo Huku, Bati Kule

Dunmere, New Hampshire
7 Juni 1998

Shangazi Winifred mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mbu. Sisi tu wazima, isipokuwa mume wangu Dale, ambaye bado anachechemea kwa ule mguu aliouvunja Machi akikwangua theluji juu ya paa, nami nilimwambia mara tatu ashuke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye kauvunja kweli. Njegere zimeota. Yule paka wa kijivu uliyetuachia yu hai, ana miaka kumi na tano na hasira zake zote.

Maua uliyotuma kwa msiba wa baba yalifika. Yalikuwa mazuri. Nilikaa nikiutazama mlango wa kanisa mpaka wimbo wa mwisho, nikidhani basi lako limechelewa. Juu ya hilo sisemi zaidi.

Baba alifia ndani ya gari la wagonjwa. Hukuuliza, kwa hiyo nakuambia. Daraja la Sawyer limefungwa tangu mwaka juzi, limeoza chuma, na hospitali iliyokuwa dakika kumi na mbili sasa ni dakika hamsini kwa kuzunguka mlima. Walikuwa wamefika nusu ya njia. Dereva alilia kuliko mimi.

Lyle Twombly amekikalia kiti chetu katika Bunge la jimbo miaka minane, tangu alipokushinda. Nilikwenda dukani kwake kumuuliza amesema nini Bungeni kuhusu daraja lile. Akaniambia, "Nadine, mambo haya yana utaratibu wake." Nikaenda kuomba kumbukumbu za vikao nikazisoma. Shangazi, miaka minane hajasema neno juu ya daraja. Hajasema neno juu ya kitu chochote!

Basi Ijumaa nimekwenda kwa karani wa mji, nimejaza fomu, nimelipa ada ya dola mbili. Nagombea. Ni mimi na Twombly tu, kiti kimoja.

Nina ombi. Niandikie barua ya kuniunga mkono, niipeleke gazetini. Mistari kumi inatosha.

Mpwa wako,
Nadine


Bexley Key, Florida
29 Juni 1998

Nadine mwanangu,

Barua yako imenikuta mzima, kwa kadiri mwanamke wa miaka sabini na sita anavyoweza kuwa mzima katika nchi isiyo na majira. Hapa kuna joto, halafu joto, halafu kimbunga. Jirani yangu ana mamba bwawani na amempa jina. Alhamisi tunacheza karata na ninawafunga wote, wameanza kunichukia.

Kuhusu siku ile ya kanisani, nilikuwa na mafua.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Una wazimu, na mimi nimefurahi. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye mamba akaja kuuliza kama nimeanguka. Jina letu la Currier tena kwenye karatasi ya kura! Twombly atakosa usingizi, na anastahili.

Lakini barua ya gazetini, hapana. Usiniombe tena. Umesahau? Miaka ishirini na miwili nilikikalia kiti kile, nikiwatafutia barabara, walimu, gari la zimamoto. Siku niliyopiga kura kufunga madampo yote ya kuchoma katika jimbo, nilirudi Dunmere nikakuta mtu amemwaga mapipa mawili ya taka kwenye ngazi za nyumba yangu. Watu walilipenda shimo lao. Jumamosi unatupa kila kitu, godoro, betri, makopo ya rangi, unamwagia mafuta, unawasha, unakunywa bia ukitazama. Kwamba moshi unaingia vifuani mwa watoto na sumu inaingia visimani, hayo waliyaita maneno ya watu wa mjini.

Na mlinzi wa shimo lile kwa miaka kumi na tisa alikuwa Everett, ndugu yangu wa tumbo moja, baba yako. Nilimfukuza kazi kwa kuunyosha mkono huu juu. Hakunisemesha tena mpaka amekufa.

Jina langu huko ni sumu kuliko shimo lenyewe. Ukilitia gazetini umempa Twombly ushindi ndani ya sahani. Gombea kwa jina lako. Na usihangaike kutafuta namba yangu ya simu, nilikata laini mwaka niliohamia. Kila aliyepiga alitaka kunitukana.

Shangazi yako,
W.


Dunmere
26 Julai 1998

Shangazi,

Shikamoo, na natumaini mafua yamepona. Paka wako kamng'ata daktari wa mifugo. Dale ameacha fimbo na sasa anatengeneza mabango bandani, anaimba, majirani wanavumilia.

Mambo yangu yameharibika. Unajua kwamba pale lilipokuwa shimo sasa pana dampo jipya la kutenganisha taka, na mimi ndiye niliyeajiriwa kulisimamia. Unajua pia kwamba hapa hakuna gari la kuzoa taka, kila mtu analeta zake mwenyewe. Jumamosi saa mbili mpaka saa sita mchana, Dunmere nzima inapita mbele yangu. Nikasema moyoni, nani mwingine ana kampeni rahisi hivi?

Ala! Madiwani wote watatu wa mji wamekaa kikao juu yangu. Dampo ni mali ya mji, wakasema, na mimi ni mtumishi wa mji. Nikiwa nimevaa kile kizibao cha kazi cha rangi ya machungwa nisitamke neno moja la uchaguzi, nikitamka nafukuzwa kazi. Twombly si mtumishi, kwa hiyo anasimama nje ya lango, kwenye barabara ya umma, na sanduku la donati. Anashika kila mkono unaopita. Mimi niko ndani hatua ishirini tu, nimevaa glavu, mdomo umefungwa.

Jumamosi iliyopita alikuja Orrin Batchelder, yuleyule, bado ndiye msimamizi wa uchaguzi. Akaegemea gari lake.

"Nadine, lile daraja utalifanyaje?"

Nikamwambia lile ninalomwambia kila mwenye mfuko wa taka, "Kioo huku, bati kule."

"Nakuuliza jambo la maana, mama."

"Na mimi nakujibu, Orrin. Kioo huku, bati kule. Na hiyo chupa ina mfuniko, toa."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Nyuma yake kulikuwa na magari sita, wote wamesikia. Basi jana, Jumamosi nyingine, kila aliyeshuka garini alikuwa na swali. "Nadine, kodi itapanda?" Kioo huku, bati kule. "Nadine, Twombly anasema huna uzoefu." Kioo huku, bati kule. "Nadine, mume wangu anakoroma." Watoto wameanza kuliimba. Twombly kule langoni anasikia vicheko na anatabasamu, anajua wananicheka mimi, na huenda ni kweli. Nitashindaje nikiwa bubu?

Nadine


Bexley Key
16 Agosti 1998

Mwanangu,

Mimi mzima. Mamba kamla kuku wa mtu, kuna kesi.

Futa machozi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Acha Twombly aongee na kugawa donati. Watu wanakwenda dampo kutupa vitu, hawaendi kuokota. Wewe simamia kioo chako na bati lako. Tajiri akichanganya mrudishe, maskini akichanganya mrudishe, na diwani akichanganya mrudishe mara mbili. Wanakutazama kuliko unavyodhani.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo halimo katika sheria yoyote. Siku ya kura, mlangoni pa ukumbi wa mji, mgombea mmoja anasimama kushoto mwa njia na mwingine kulia, na kila mpiga kura hana budi kupita katikati. Usihangaike na bango. Tazama nyuso. Anayekutazama machoni, kura ni yako, hata kama kanuna. Anayetazama viatu vyake amekwisha kukutupa. Mtu wa Dunmere anaweza kukunyima kura, lakini kukudanganya macho kwa macho hawezi, hakulelewa hivyo. Mwaka ule wa 1990 niliacha kuhesabu viatu saa tisa alasiri. Sikuwa na haja ya kumsubiri Orrin asome matokeo. Vilipita viatu vya kila namna mbele yangu. Vingine nilivinunua mimi mwenyewe.

Na usiende kukaa garini kujipasha moto. Anayekwenda garini ameshindwa. Simama juu ya boksi, lile gumu la kufungia majokofu, ulikunje mara mbili. Baridi ya Novemba haitoki hewani, inatoka ardhini.

Wako,
W.


Dunmere
30 Septemba 1998

Shangazi,

Nimechelewa kukujibu. Najua ni wiki sita. Sababu ya kwanza ni misumari, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujafika kwenye sababu ya pili.

Dale alimaliza mabango kumi na manne. Mazuri mno, ubao mweupe, maandishi ya kijani. Jumapili moja nikiwa kwa dada yake akaona anisaidie, akaenda kuyapigilia barabara yote ya mlimani. Kayapigilia kwenye miti ya mepo! Ile mikubwa, inayogemwa utomvu wa sukari kila Machi! Shangazi, wewe unajua. Hapa unaweza kumzaba mtu kofi ukasamehewa ifikapo Pasaka. Kupigilia msumari mti wa mepo, thubutu. Msumari humezwa na mti, na msumeno wa mjukuu wako ndio utakaokuja kuukuta. Mimi nimezaliwa nikijua hivyo. Dale anatoka Ohio, kule wanalima mahindi, na miaka kumi na minane ya ndoa haijamfundisha. Nilipomwambia alikaa chini palepale uani, akasema, "Nimekumaliza, eh?" Nikamwambia ndiyo.

Twombly hakulala. Jumatatu alikuwa dukani anamwambia kila mnunuzi, "Hawa ndio wanaotaka kuwatungia sheria."

Basi nikachukua nyundo ya kung'olea nikaenda nyumba kwa nyumba. Wenye miti ni tisa. Nilibisha kila mlango, nikasema, "Nimekuja kuomba radhi na kung'oa msumari wa mume wangu." Shangazi, hakuna hata mmoja aliyeniacha nje. Kwanza walinipeleka mtini wakasimama nyuma yangu wakinihimiza, polepole, usivunje kichwa, zungusha kidogo. Halafu jikoni. Pai ya tufaha na kipande cha jibini, nyumba tisa, sijafunga suruali yangu vizuri tangu siku hiyo. Na pale jikoni nilikuwa sina kizibao cha machungwa! Wakauliza na nikajibu. Niliwaeleza daraja lote, chuma kilivyooza, zile dakika hamsini, na baba alivyokufa. Mzee mmoja alinisikiliza, akaleta bango la Dale akalisimika mwenyewe uani kwake, kwenye udongo. Sasa yapo yote kumi na manne, kila moja kwenye mguu wake, mbele ya nyumba za watu.

Nyumba ya tisa ni ya Bibi Eunice Pillsbury, karibu na dampo. Alinimiminia maji ya kisima, akaniambia, "Kunywa." Nikanywa. Akasema, "Everett alikuwa baba yako na nilimpenda. Lakini miaka kumi iliyopita usingeweza kuyanywa maji haya, yalinuka betri. Hiyo ni kazi ya shangazi yako, na hapa hakuna aliyewahi kumwambia asante, hata mimi."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo, na ndiyo sababu ya pili ya kuchelewa.

Mwaka ule wa 1990 nami nilipita katikati yenu, wewe na Twombly, pale mlangoni. Baba alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Nilikuwa nimevaa zile buti nyekundu ulizoniletea Krismasi. Nilimpigia kura Twombly. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, sikuwa mtoto, nilijua ninachofanya. Baba alikuwa anakaa jikoni siku nzima akiwa amevaa glavu za kazi, na sikuona mtu mwingine wa kumlipizia ila wewe. Miaka minane nimekula kwa mshahara wa dampo ulilotuletea na sijakwambia.

Sasa umeambiwa. Ukitaka kuacha kuandika nitaelewa.

Nadine


Bexley Key
14 Oktoba 1998

Nadine,

Nilijua. Zilikuwa buti nzuri, nilizichagua kutwa nzima kule Manchester, kusini mwa jimbo, na nilizitazama zikipita.

Nilikasirika wiki nzima. Wiki ya pili nikajiambia, msichana anayesimama na baba yake aliyeanguka ni msichana aliyelelewa vizuri, na mimi nilisaidia kumlea. Basi yakaisha. Kilichonifukuza Dunmere ni kimya cha baba yako, si buti zako. Hayo tutayasema siku nyingine.

Yaliyopita si ndwele. Kwenye kifurushi hiki zimo buti zangu. Chaguzi kumi na mbili nimesimama ndani yake na nimeshinda kumi na moja. Miguu yetu ni sawa. Uzipake mafuta kabla.

Mwambie Dale mimi namsamehe. Miti ndiyo aiombe radhi.

W.


Dunmere
4 Novemba 1998

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Sijasalimia na sitasalimia. Mia tano arobaini na nane kwa mia tatu tisini na moja! Tumeshinda! Hata paka anajua, Dale kambeba akazunguka naye nyumba nzima na hakung'atwa.

Sasa nisome taratibu maana nataka ukione kila kitu.

Jana saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni pa ukumbi. Baridi ile inayokata masikio, na theluji nyembamba kama sukari ya pai. Nimevaa buti zako, na chini ya buti boksi la jokofu limekunjwa mara mbili. Twombly upande wa pili na viatu vya ngozi vya kwenda kanisani, bango kubwa, anamwambia kila mtu, "Naomba kura yako." Kule ndani akina mama wa kanisa wanapasha moto maharage, harufu inatutesa.

Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu Julai, nilikuwa huru kuongea mbele ya watu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya sentensi nne, nimeikariri bafuni. Mtu wa kwanza kupanda njia akawa Bibi Pillsbury na fimbo yake. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Sentensi zote nne zimenitoka kichwani. Nimesimama mdomo wazi, na Twombly anatazama.

Bibi Pillsbury akasimama mbele yangu. Akanikazia macho yake yale ya bluu, akasema, "Kioo huku?"

Nikasema, "Bati kule."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Aliyemfuata alikuwa fundi bomba. "Kioo huku, Nadine?" Bati kule! Mwalimu wa darasa la pili na mumewe, wote kwa pamoja. Dereva wa gari la wagonjwa, yeye alisema kwa sauti ndogo na akanishika bega. Ilipofika saa nne asubuhi watu walikuwa wanaanza kulitamka tangu kule wanakoegesha magari, na walio ndani ya foleni wanaitikia. Orrin alitoka mara mbili kuwaambia kupiga kampeni ndani ya ukumbi hairuhusiwi. Mtu akamjibu, "Nani anapiga kampeni? Tunatenganisha taka." Orrin karudi ndani mabega yakimtikisika.

Viatu vilikuwepo. Diwani mmoja alitazama viatu vyake, na mke wa diwani. Walikuwepo wengi kuliko nilivyotaka. Lakini macho, Shangazi! Macho ya watu niliowarudishia mifuko yao mara tano, walionitukana kwa ajili ya vifuniko vya chupa, wamekuja wamenitazama usoni. Nililia saa tano kamili na sikujificha.

Saa tano hiyohiyo Twombly akaenda garini. Nilikumbuka maneno yako nikaona moyo unaruka. Alikaa humo mpaka saa saba. Aliporudi haikupita saa moja midomo yake ikawa rangi ya zambarau, anarukaruka ndani ya vile viatu vya ngozi, na mimi sikuona raha tena. Nilikuwa na boksi la akiba. Nikavuka njia nikalitandika mbele ya miguu yake.

Alilitazama boksi lile. Halafu akapanda juu yake, akasema bila kunitazama, "Na Winifred alinipa moja, mwaka ule. Tulikuwa tumesimama hapahapa. Alijua anashindwa na mimi nilijua anashindwa, akaja akanitandikia boksi." Akavuta kola ya koti lake. "Sikumwambia mtu."

Na wewe hukumwambia mtu! Miaka minane, si mimi, si gazeti, si yeyote.

Kura zinahesabiwa kwa mikono, kama unavyojua, na ilichukua mpaka watu wamemaliza maharage yote na pai zote. Orrin akapanda jukwaani na karatasi. Akasoma ya gavana, akasoma ya mkuu wa polisi wa wilaya, polepole, makusudi kabisa, yule mzee ni mchawi. Kisha akavua miwani akaifuta. "Kwa kiti cha Dunmere katika Bunge la jimbo," akasema, "Currier." Aliposema Currier alisimama kidogo, akalirudia. "Currier, mia tano arobaini na nane." Ukumbi ulipasuka. Dale alipiga kelele za Ohio, sijui wanazitoa wapi. Twombly alinipa mkono na akanitazama machoni, na mimi nikamtazama.

Halafu Bibi Pillsbury akagonga fimbo sakafuni mpaka watu wakanyamaza. Akasema, "Kuna Currier mwingine tuliyemtoa kwa mlango huu bila asante. Mwandikie, Nadine. Mwambie maji ni matamu." Hakuna aliyeguna. Walipiga makofi, Shangazi, nilitazama safu kwa safu nikihakikisha. Wale waliotazama chini nadhani walikuwa wanaona aibu, na hiyo ni sawa.

Naapishwa tarehe mbili Desemba kule Bungeni, Concord. Siku hiyohiyo nawasilisha ombi la mswada wa daraja, nimeshauandika, sitakaa miaka minane. Nimepewa nafasi moja ya mgeni pale juu roshani. Sijamwambia Dale kwamba si yake.

Siulizi habari ya mafua. Nauliza kama utakuja.

Nadine Currier, Mbunge (nimeandika mara moja tu, niwie radhi)


Bexley Key
12 Novemba 1998

Mheshimiwa,

Niliisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikamsomea mwenye mamba kwa sauti. Analia yule, mwanamume mzima, na hajawahi kufika kaskazini ya Georgia.

Lyle Twombly hana adabu, jambo la siri kalitoa. Boksi lile lilikuwa la televisheni. Miguu yake ilinitia huruma, basi.

Sasa la mafua. Sikuwa na mafua. Nilisafiri siku mbili, nikafika mpaka Concord na gauni jeusi kwenye mkoba. Nikakaa kituoni saa nne nzima. Basi la Dunmere likaja, likaondoka. Likaja la pili, likaondoka. Nilikuwa nawaza, nitaingia kanisani, nitapita katikati ya viti, na Dunmere nzima itatazama viatu vyake mbele ya jeneza la ndugu yangu. Uchaguzi niliweza kuuvumilia. Hilo sikuliweza. Nikatuma maua kutoka duka la kituoni, nikapanda basi la kurudi. Uliyesimama kidete wakati wa msiba ni wewe, na mimi niliyekuwa nakufundisha kusimama nilikimbia. Nisamehe. Everett hawezi tena kunisamehe, kwa hiyo nakuomba wewe.

Nakuja. Nafika Jumatatu tarehe thelathini, basi la saa nane mchana, mbele ya ukumbi wa mji. Buti zangu unazo wewe, kwa hiyo nitashuka kwenye theluji yenu na viatu vya Florida, na ole wako ucheke.

Nina ombi moja tu. Nikishuka, unitazame usoni.

Shangazi yako,
Winifred


Dunmere
21 Novemba 1998

Shangazi mpendwa,

Chumba chako kiko tayari, paka amekwisha kukilalia. Dale amechonga kibao cha njia mpaka kaburini kwa baba, hakutumia msumari hata mmoja. Tutakwenda huko kwanza, kabla ya chai, na nitakuacha uongee naye peke yako.

Bibi Pillsbury anakuja kituoni na chupa ya maji ya kisima. Orrin anakuja. Wanaokuja ni wengi, wamenikataza nisikwambie ni wangapi.

Mimi nitakuwa pale tangu saa sita. Nimekata maboksi mawili.

Nadine